Wadau Wote Wananipa Jibu Moja

*Safu ya maswali ya wasomaji. Mjibu wetu alihoji watu na kusimamia wahojaji Unguja na Pemba kwa miaka mingi kabla ya kustaafu.*

Bibi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya pili, mzaliwa wa Wete. Utafiti wangu unahusu kufunga na kufungua maeneo ya pweza (mwamba hauvuliwi kwa miezi kadhaa, kisha unafunguliwa) katika shehia moja ya kusini mwa Pemba, na nimetakiwa nifanye mahojiano ya kina na wadau wakuu. Mpaka sasa nimezungumza na sheha, mwenyekiti wa kamati ya wavuvi, katibu wake, afisa uvuvi na mama mmoja anayechokoa pweza mwambani. Wote wameniambia maneno yale yale: ushirikiano ni mzuri, jamii imehamasika, changamoto ni vitendea kazi, hasa boti ya doria. Hakuna mahojiano hata moja yaliyofika nusu saa. Yule mama ndiyo kabisa. Mjumbe wa sheha alinipeleka kwake, akakaa pembeni kutungojea, na kila nikiuliza naambiwa, "Hayo muulize mwenyekiti." Msimamizi wangu amesoma nilichoandika akasema hayo si mahojiano, ni dodoso lililosomwa kwa sauti. Nakutumia mwongozo wangu wa maswali uuone. Hakuna swali la ndiyo au siyo. Sasa tatizo liko wapi?
*Mwenye daftari tupu, Chake Chake*

Marahaba, mwanangu. Msimamizi wako amesema kweli, ila kakuachia njiani.

Mwongozo nimeusoma wote. Swali la kwanza: "Unaonaje ushiriki wa jamii katika usimamizi wa rasilimali ya pweza?" La pili: "Kamati inakabiliwa na changamoto gani?" La mwisho: "Unapendekeza nini kifanyike?" Kweli, hayana ndiyo wala siyo. Lakini watu hao wameshayajibu kwenye semina, kwenye ziara za viongozi, kwa wafadhili na kwa wanafunzi waliokutangulia. Ukimuuliza mwenyekiti changamoto anakupa orodha aliyokwisha kuihifadhi, na boti ya doria imo humo kwa sababu pengine wewe ndiye utakayemfikishia ombi lake. Hajakudanganya. Umekiuliza kiti, na kiti kimekujibu.

Kila mdau mwenye cheo ana kauli mbili, ya cheo chake na ya mtu aliyekuwepo mambo yalipotokea. Ya kwanza unaipata hata ukibaki chuoni, imo kwenye ripoti. Nauli ya kwenda kusini umeitoa kwa ajili ya ile ya pili, na hiyo haiji kwa kumuuliza mtu anaonaje. Muulize kilichotokea: siku gani, nani alikuwepo, nani alianza, kikafuata nini, na yeye mwenyewe alikuwa wapi.

Kuna kijiji kimoja, sikitaji, nilikaa na mwenyekiti wa kamati nyuma ya nyumba yake. Alikuwa anasuka dema, mtego wa samaki. Nikaanza kwa makusudi na swali la semina, nilitoe njiani: wanawake wanashirikishwa? "Sana. Hata kamatini wamo." Nikalipokea, nikaliandika, nikanywa chai yangu. Kisha nikamwambia, "Hebu nipitishe siku mliyofungua eneo mara ya mwisho, tangu asubuhi." Hapo akawa mtu mwengine. Akanieleza wageni waliwekwa wapi, dua ilisomwa na nani, mizani ilitundikwa kwenye mti gani. Nikamuuliza nani aliingia majini mwanzo.

"Wazamiaji."

"Na kinamama?"

"Kinamama wanangoja maji yatoke."

"Siku ile yalitoka saa ngapi?"

Mikono ikasimama juu ya dema. "Saa nne na kitu."

"Na wageni waliondoka saa ngapi?"

Akacheka kidogo. "Saa tatu na nusu walishapiga picha." Nikanyamaza. Ikapita kitambo, naye akaongeza mwenyewe bila mimi kutia neno: "Walipoingia wao, mwamba ulikuwa umeshapekuliwa."

Tazama sasa. Majibu mawili hayo hayapingani. Wanawake wamo kamatini, na mwamba ulikuwa umeshapekuliwa. Tasnifu yako inakaa baina ya sentensi hizo mbili, na ya pili usingeipata kwa neno "ushirikishwaji" hata ungelirudia mpaka magharibi.

Lakini swali la saa ya maji nisingelijua kama silijui jambo lenyewe, na hapa ndipo wanafunzi wengi mnapokwenda mikono mitupu. Pweza wetu wa mwambani anakua upesi mno, anaishi mwaka mmoja na kidogo tu, na jike hutaga mara moja, akalinda mayai, akafa. Ndiyo maana eneo likifungwa miezi mitatu hivi, siku ya kufungua wanapatikana wazito. Utaratibu huo ulianza kijiji cha Andavadoaka, Madagascar, mwaka 2004, ukaenea hadi visiwani kwetu. Maana yake kwako wewe mhojaji ni kwamba faida yote ya miezi mitatu inagombaniwa saa na siku za mwanzo. Mzamiaji mwenye miwani hangoji maji yatoke. Mama mwenye kijiti chake anangoja, na kwetu maji ya bamvua, yale yanayojaa na kutoka sana, hutoka kiasi cha saa nne asubuhi. Ukiyajua haya, maswali yanajipanga wenyewe: nani alipanga saa ya kufungua? Kikao gani? Kuna aliyepinga?

Kwa hiyo kabla ya kurudi, omba uone daftari la kamati: kumbukumbu za vikao, mapato, faini. Tena bora ulione mbele ya mwenye nalo. Mtu akifunua ukurasa anakumbuka mambo ambayo asingeyakumbuka akitazama ukuta. Weka kidole kwenye mstari, uliza, "Huyu aliyetozwa hapa, ilikuwaje?" Faini moja iliyosamehewa itakuonyesha nguvu za kamati kuliko swali lolote la "utawala bora".

Nije kwa yule mama, kwa sababu yeye ndiye aliyenikera, si yeye bali namna ulivyomwendea. Mjumbe wa sheha "akakaa pembeni". Basi aliyehojiwa ni huyo wa pembeni. Mama alikuwa anajibu yale yatakayofika kwa sheha jioni. Na usimlaumu sheha. Sheha wetu ni mtu wa kuteuliwa, hakupigiwa kura na wanakijiji, na mgeni akizunguka shehiani kwake yeye ndiye atakayeulizwa. Lazima ajue upo. Mpelekee kibali cha Serikali (barua ya chuo peke yake haitoshi Zanzibar, na kama hukukifuatilia, simama hapo hapo ukakitafute), msalimie, mweleze, unywe chake. Lakini kujitambulisha ni jambo moja na kumhoji ni jambo jengine. Ungemwambia, "Mzee, wewe nitakuja kwako mwisho, nikishasikia ya watu, ili unisahihishe." Hakuna sheha asiyependa kuwa wa mwisho kusahihisha, nawe utamfikia ukiwa na mambo ya kumuuliza.

Na yule mjumbe mpe kazi. Akishakufikisha mlangoni, mshukuru, mwambie akusaidie kumtafuta mtu wa pili na kumuuliza atakuwa na nafasi saa ngapi. Ataondoka kwa heshima yake, na wewe umebaki na mtu wako.

Siku nayo ulichagua vibaya, nimetazama tarehe zako. Ulikwenda bamvua. Siku hizo mwanamke wa pwani ana saa chache tu za maji kutoka: pweza, chaza, mwani kama anao. Kila dakika anayokaa na wewe inamkata. Nenda maji mafu, siku ambazo maji hayatoki sana, baada ya kula mchana, umkute amekaa na ukili wake wa mkeka. Mikono ikiwa na kazi, macho hayalazimiki kukutazama, na mtu husema mambo mazito akiwa anatazama mkeka. Akikwambia "hayo muulize mwenyekiti", hajakukataa. Anakuonyesha mipaka ya adabu, kwamba mambo ya kamati si yake kuyasemea. Mjibu hivi: "Ya kamati nitamuuliza mwenyekiti, bibi. Mimi nataka ya kwako. Ukishuka mwambani, unaanzia wapi?" Hapo hakuna mwenyekiti duniani anayeweza kumjibia. Anayajua matundu ya pweza moja moja, mengine kayarithi kwa mama yake. Atakutajia. Kisha: eneo lilipofungwa ulikwenda kuchokoa wapi? Huko kulikuwa na wenyewe? Walisemaje? Mboga ya nyumbani ilitoka wapi miezi ile? Kama kuna watu wanaobeba gharama ya kufunga eneo, utawajua hapo.

Usihoji barzani. Wazee watakukaribisha, kahawa itakuja, na utadhani umepata wadau sita kwa pamoja. Utakuwa umempata mmoja, mwenye sauti kubwa, na watano wa kuitikia. Barza ni mahali pa kusikiliza kijiji kinazungumza nini, ujue cha kwenda kumuuliza mtu peke yake.

Orodha yako ya wadau pia ina mapengo. Wote uliowataja wamo kwenye mradi. Yuko wapi mnunuzi mwenye friji, anayejua kilo zilizoshuka siku ile na wiki iliyofuata? Dalali wa diko, pale samaki wanaposhushwa? Wavuvi wa dago, wanaokuja wakapiga kambi na hawana kura kikaoni? Na hasa mtafute mtu aliyekuwa kamatini akatoka. Huyo ni dhahabu. Anajua yote na hana kiti cha kukilinda, ingawa inabidi upime kama ana kisasi. Kila ukimaliza na mtu muulize, "Nani nikimwendea atasema tofauti na wewe?" Wengi wanakutajia, na wanakutajia kwa furaha.

Jambo moja tena, na hili naomba ulisome mara mbili. Kwenye fomu yako ya ridhaa umeandika kwamba jina la mhojiwa halitatajwa. Vizuri. Lakini shehia ina sheha mmoja na kamati ina mwenyekiti mmoja. Ukiandika "Sheha, shehia ya fulani", umemtaja kwa jina la baba yake na la babu yake. Mdau mkuu hafichiki kwa kufutwa jina, kwa sababu cheo chake kinamtambulisha. Mweleze hivyo mapema, bila kumtisha. Mkimaliza, mpitie pamoja: lipi liandikwe kwa cheo chake, lipi liandikwe "mjumbe mmoja wa kamati", lipi libaki baina yenu. Tena usiitaje shehia yenyewe ikiwa huna sababu. Nimeona mtu akihamishwa afisi kwa sentensi moja iliyonukuliwa na mwanafunzi ambaye leo hakumbuki hata alimnukuu.

Kuhusu simu ya kurikodia: iombe, iweke mezani ionekane, izime mtandao isije ikaita katikati. Akikataa, funga mfuko, toa kalamu, usibembeleze. Miaka ya uchaguzi hasa, usishangae watu wakiiogopa simu yako. Na yale atakayokwambia mlangoni akikusindikiza, baada ya simu kuzimwa, ndiyo mara nyingi yenye uzito. Muulize palepale: "Hili naweza kuliandika?" Kisha andika usiku ule ule, kabla hujalala. Asubuhi utakuwa na maneno yako, si yake.

Rudi kwa wote watano. Hakuna aibu kurudi. Sema tu, "Nilikuja na maswali ya kitabuni, leo nataka unieleze ile siku."

Bi mkubwa, nafanya utafiti Jambiani juu ya ugomvi wa eneo baina ya wakulima wa mwani na hoteli. Mwalimu wetu anasema mahojiano 12 yanatosha, kuna utafiti umethibitisha. Mwenzangu wa chuo chengine ameambiwa 30. Nimfuate nani?
*Kijana wa Kusini Unguja*

Hiyo 12 naijua ilikotoka. Mwaka 2006 Guest, Bunce na Johnson walichapisha uchambuzi wa mahojiano 60 waliyofanyiwa wanawake wa Ghana na Nigeria. Wakaona kwamba walipofika la kumi na mbili, karibu mambo yote makubwa yalikuwa yameshajitokeza. Tangu hapo namba hiyo imekuwa kama sheria.

Lakini wale wanawake walikuwa wa hali zinazofanana na waliulizwa maswali yanayofanana. Wadau wako hawafanani hata kidogo. Mkulima wa mwani, ambaye Jambiani na Paje kilimo hicho wanacho tangu 1989 na wengi wao ni wanawake, ana ufuo wake. Meneja wa hoteli ana ufuo wake. Mnunuzi wa mwani anatazama gunia. Kijana anayepitisha watalii kwa ngarawa juu ya kamba za mwani ana lake. Ukichukua watatu kila upande ukafika 12, hujafika popote. Umesikia watatu mara nne.

Hesabu kwa kila kundi peke yake. Kwa wakulima, endelea mpaka watu wawili watatu mfululizo wasikupe jipya, tena uwe umechanganya wakongwe na walioanza juzi, wenye eneo karibu na hoteli na wa mbali. Kwa hoteli, pengine mameneja wapo wachache tu, utawamaliza. Kwa sheha, yupo mmoja: huwezi kusema "umefika kikomo" kwa mtu mmoja, unaweza kumrudia tu. Mwalimu wako ukimwandikia sababu zako hivyo, kundi kwa kundi, sidhani kama atakushikia namba. Akikushikia, mpe 12 za wakulima, na wengine waandike chini ya kichwa chengine.

Tena kumbuka kwamba saa moja ya sauti itakula saa nne, tano, hata sita za kuandika. Mtu mwenye mahojiano 30 asiyoyasoma ni maskini kuliko mwenye 15 anayoyajua kwa kichwa.

Bibi, nitoe posho au nisitoe? Wavuvi wanaiuliza mwanzo kabisa.
*Mkoani*

Wanaiuliza kwa sababu miradi imewazoesha, na muda wao una thamani kama wako. Afisa aliyeko kazini usimpe kitu. Mwananchi uliyemtoa kwenye shughuli yake, mrudishie nauli na fidia ndogo ya muda, kiasi kimoja kwa wote, kiwe kimeandikwa kwenye maombi yako ya maadili. Kitaje wakati wa kuomba ridhaa, uwaambie wazi kwamba anayekataa swali au anayesimama katikati atapewa vilevile. Usikipandishe kwa aliyekupa hadithi nzuri. Kesho kijiji kizima kitakuwa na hadithi nzuri.

Wanalolalamikia zaidi si posho, ukiwasikiliza vizuri. "Mnakuja, mnaandika, mnakwenda." Weka kwenye bajeti safari ya kurudi kuwasomea ulichokipata. Nauli ya boti na daladala, karatasi mbili za Kiswahili, alasiri moja.

Shikamoo bibi. Mkuu mmoja wa idara amenitaka nimtumie maswali kwa imeili kabla ya kuonana. Nikamtumia. Akayajibu kwa maandishi, kurasa tatu, akaniambia basi tumemaliza. Nifanyeje?
*Mjini*

Marahaba. Ulimpa mtihani wa kufanyia nyumbani, naye kaufanya. Siku nyengine mpelekee mada nne kwa mistari minne, na kibali, na muda unaouomba. Mtu wa afisi ana haki ya kujua anaitiwa nini, na maswali yenyewe yakae na wewe.

Hizo kurasa tatu usizidharau. Ni kauli rasmi ya idara na utainukuu hivyo, kwa heshima yake. Sasa isome na kalamu mkononi, utafute mahali panaposema "kwa kushirikiana na wadau", "hatua zinaendelea", "baadhi ya maeneo". Kila penye maneno hayo pana jambo lililotokea mahali fulani, siku fulani. Chagua matatu tu. Kisha mpigie katibu muhtasi wake, umsalimie kwa jina, uombe dakika kumi na tano za kuthibitisha majibu ya mkuu. Neno ni hilo, kuthibitisha, si kuhoji. Nenda asubuhi mapema kabla mafaili ya kusaini hayajaingia. Mwekee karatasi zake mwenyewe mezani, mshukuru, mwonyeshe mstari: "Hapa umeandika kwamba mgogoro ulimalizwa kwa mazungumzo. Mazungumzo hayo yalikaliwa wapi, mkuu, na wewe ulikuwepo?"

Akisema hakuwepo, muulize nani alikuwepo, na namba yake ya simu.